Ufunuo, Ubatizo na Swali la Mbatizaji wa Kwanza

Mjadala kati ya Wakristo wa kiinjili na waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni, huendeshwa kwa kawaida kwa kurushiana aya, ilhali kinachobishaniwa hasa ni mamlaka, yaani haki ya kusema na kutenda kwa niaba ya Mungu. Kuhusu maji yenyewe tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: Wabaptisti, Wapentekoste na Wamormoni wote hubatiza kwa maji mengi, na wote hukataa kubatiza watoto wachanga (Waanglikana na Walutheri waliookoka, ambao makanisa yao hubatiza wachanga, wana mjadala mwingine na ndugu zao hao). Mgawanyiko huanza pale inapoulizwa ni nani aliyempa mbatizaji ruhusa ya kubatiza.

Mwaka 1609, mjini Amsterdam, mchungaji Mwingereza John Smyth, aliyekwisha kusadiki kwamba ubatizo alioupokea utotoni haukuwa ubatizo, hakuona kanisa ambalo lingeweza kumbatiza kihalali, akajibatiza mwenyewe kisha akawabatiza wafuasi wake. Baadaye alikitilia shaka kitendo hicho, akaomba kupokewa na jumuiya ya Wamenoni, waliokuwa wakibatiza watu wazima kabla yake. Miaka 220 baadaye, tarehe 15 Mei 1829, ugumu uleule uliwakabili Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni, na mwandishi wake Oliver Cowdery huko Harmony, Pennsylvania, walipokuwa wakiandaa Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa hilo, na kufikia mafundisho yake juu ya ubatizo. Kwa ushuhuda wao, Yohana Mbatizaji aliwatokea kando ya mto Susquehanna, akawawekea mikono na kuwapa Ukuhani wa Haruni, daraja ambalo kwa imani yao ndilo linalompa mtu uwezo wa kubatiza, kisha akawaagiza wabatizane.

Kwa Mmormoni, mamlaka ya mitume yalitoweka duniani baada ya kufa kwao, na kitu kilichotoweka hakirudishwi kwa kusoma habari zake kitabuni. Hurudishwa na mjumbe aliyetumwa na yule aliyekitoa mwanzo, ndiyo maana ufunuo mpya ni sharti la kuwapo kwa ubatizo halali. Kwa Mkristo wa kiinjili, kosa ni kuutafuta mfululizo wa wabatizaji tangu mwanzo, kwa sababu Kristo ameagiza, agizo limeandikwa, na watu wanaoliamini Neno hilo wana ruhusa ya kutosha.

Jibu hilo la pili linasimama tu ikiwa kilichoandikwa kimekamilika, na hapo ubatizo unarudi kwenye ufunuo, yaani tendo la Mungu la kuwajulisha wanadamu yale wasiyoweza kuyafikia kwa akili zao. Mwaka 1978 nadharia zote mbili, ya ufunuo unaoendelea na ya ufunuo uliokamilika katika maandiko, zilijitokeza waziwazi nchini Marekani. Mwezi Juni, Spencer W. Kimball, rais wa kanisa ambaye waumini walimhesabu kuwa nabii, alitangaza ufunuo ulioufungua ukuhani kwa wanaume wote wanaostahili, na hivyo kuliondoa katazo lililowanyima watu weusi ukuhani huo kwa zaidi ya karne moja. Mwezi Oktoba, viongozi wa kiinjili zaidi ya 200 walitia saini Tamko la Chicago kuhusu kutokosea kwa Biblia, linalokana kwamba umetolewa ufunuo wowote wa kuwafunga waumini tangu maandiko ya Agano Jipya yalipokamilika.

Msomaji Mwafrika hawezi kuupita mwaka huo haraka. Sauti hai ililiondoa katazo lile mara moja, lakini viongozi waliotangulia walikuwa wamelitetea kuwa mapenzi ya Mungu, na muumini anabaki akijiuliza atatambuaje neno la nabii lililo ufunuo na lile lililo fikra za zama zake. Hata hivyo, kitabu kilichofungwa hakikuwalinda wasomaji wake pia, kwa kuwa Muungano wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, uliozaliwa mwaka 1845 katika mgogoro wa kutetea wamiliki wa watumwa, uliisoma Biblia ileile na kuomba radhi mwaka 1995, yaani miaka 150 baadaye. Madai kwamba Maandiko hujitosheleza bila msomaji mwenye mamlaka ni mepesi mno mbele ya historia hiyo.

Tofauti hii huonekana hata katika tendo dogo la kuzamishwa. Mbatizaji wa Kimormoni huyatamka maneno yaliyowekwa bila kuyabadili, mashahidi wawili wakiangalia, na nywele au upindo wa vazi ukibaki juu ya maji tendo hurudiwa, kwa sababu ubatizo kwao ni agizo la lazima kwa wokovu. Kwa mantiki hiyohiyo Smith alifundisha mwaka 1840, huko Nauvoo, Illinois, kwamba walio hai waweza kubatizwa kwa niaba ya wafu waliokosa nafasi hiyo. Katika kanisa la kiinjili kiwiko kikibaki kikavu hakuna anayefadhaika, kwa kuwa neema ilikwisha kupokelewa kwa imani, na ubatizo ni tangazo la hadharani la jambo hilo. Mwivi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye hakubatizwa, hutajwa mara kwa mara kama ushahidi.

Kila upande, ukibanwa kuhusu namna unavyojua kwamba Mungu ndiye aliyesema, hukimbilia ushuhuda wa Roho moyoni: Mmormoni huombea Kitabu cha Mormoni hadi apate uhakika, naye John Calvin, mwanatheolojia wa Matengenezo ya Kiprotestanti, alifundisha kwamba Biblia huthibitishwa kwa msomaji na Roho huyohuyo. Ukaribu huo haukubaliwi vya kutosha na upande wowote.

Mpentekoste wa Nairobi anayejiunga na Wamormoni hubatizwa upya hata kama alikwisha kuzamishwa mtoni, na Mmormoni anayehamia kwa Wabaptisti kwa kawaida hubatizwa upya vilevile. Wachungaji na wamisionari wanapaswa kumweleza sababu waziwazi kabla ya kumwingiza majini, kwa kuwa mtu anayetakiwa kuuhesabu ubatizo wake wa kwanza kuwa si kitu ana haki ya kujua unafutwa kwa mamlaka ya nani.