Mei ni Mwezi wa Mabuti

Masika yanapoanza kulegea mjini Moshi, wageni bado hawajafika lakini mafundi viatu tayari wana foleni. Mabuti yaliyosukumwa chini ya vitanda tangu Machi yanatolewa nje, ngozi ikiwa imeota ukungu na tope la njia ya Mweka likiwa limegandamana kwenye meno ya soli. Kiangazi cha Kilimanjaro, Juni hadi Oktoba, kinabisha hodi.

Wengi huamini kwamba mlima ndio unaoua mabuti. Mlima huyachosha, hilo halina ubishi: matope ya msituni siku ya kwanza, vumbi la volkano juu ya mstari wa miti, kisha changarawe kali za kilele cha Kibo ambazo mpandaji huzishuka kwa kuteleza asubuhi, baada ya kutembea tangu karibu saa sita usiku. Lakini mabuti mengi hufia nyumbani, yakiwa yamepumzika.

Sababu iko kwenye tabaka laini lililo kati ya soli ngumu na ngozi, lile linalompunguzia mtu kishindo cha mawe. Katika mabuti mengi ya kisasa tabaka hilo ni poliurithani, na adui yake ni unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani huivunjavunja polepole mwaka hadi mwaka, hata kama buti halijakanyaga ardhi. Watengenezaji wenyewe hushauri kwamba buti livaliwe mara kwa mara badala ya kufungiwa. Lililofungiwa miaka mingi hutoka kabatini likimetameta, na baada ya saa chache za kutembea soli inamomonyoka kama mkate mkavu.

Hapo ndipo mtumba unapokuwa bahati nasibu. Kwenye soko la Memorial mtu anaweza kuokota buti la Ulaya la bei mbaya kwa fedha kidogo, ila hakuna anayejua lilikaa wapi na kwa muda gani. Mnunuzi mjanja hashangilii mng'ao. Hulikunja buti, hubonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba na kutafuta nyufa nyembamba. Chembe zikibaki mkononi, analirudisha na kuendelea na safari.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji shahada, kunahitaji subira, na subira ndiyo adimu. Kamba hutolewa, soli ya ndani nayo hutolewa, kwa maana jasho huacha chumvi inayoikakamaza ngozi. Tope kavu hupigwa brashi kwanza, kisha buti huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Baadaye hujazwa magazeti ambayo hubadilishwa kila yakilowa, na kuachwa kivulini penye upepo. Anayeliweka karibu na jiko la mkaa ili liwahi kukauka hulipa baadaye: ngozi husinyaa na kupasuka, gundi nayo huachia. Mafuta au nta hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, na kwa kiasi, kwani ngozi iliyoloweshwa mafuta hulegea na kushindwa kukishika kifundo cha mguu. Kiwi ni kwa ngozi laini tu. Ile yenye vinyweleo ikipakwa kiwi ndiyo basi tena, inatakiwa brashi kavu na dawa yake ya kuzuia maji.

Soli yenyewe ina historia ya msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika milima ya Alps, Italia, na lawama ikaangukia viatu vyao. Rafiki yao, Vitale Bramani, akasaidiwa na kampuni ya Pirelli kutengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, iliyotoka mwaka 1937. Soli za Vibram, jina lililotokana na lake, ndizo walizovaa Waitaliano waliokifikia kwa mara ya kwanza kilele cha K2 mwaka 1954. Meno yaliyojaa tope la mwaka jana ni sawa na kutokuwa na meno.

Tena tope hilo halisafiri peke yake. Mwaka 2008 mwanaikolojia Andreas Hemp alichapisha utafiti kuhusu mimea ya kigeni Kilimanjaro na mchango wa utalii katika kuieneza. Miongoni mwake ni nyasi za Ulaya ziitwazo kitaalamu Poa annua, zilizoota kandokando ya njia za wapandaji. Mbegu hunasa kwa urahisi kwenye tope la soli. New Zealand mgeni hutakiwa kuyataja mabuti yake ya mlimani mpakani, na yenye uchafu hayapiti hivihivi. Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa getini, kikomo kilo 20. Ingefaa na soli za wageni zitazamwe hapohapo.

Na wagumu wenyewe, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani? Mgeni hutumiwa orodha ndefu ya mabuti anayopaswa kuja nayo. Anayembebea begi hujitegemea kwa mtumba, au kwa vifaa vya kuazima kama vile vinavyotolewa bure na mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project pale Moshi. Kampuni za utalii hukagua mahema na mitungi ya oksijeni kabla ya Juni, jambo jema, lakini viatu vya mgumu huhesabiwa kuwa shauri lake. Hesabu hiyo haikai sawa, kwa kuwa mpagazi akiteguka mguu njiani safari nzima huyumba. Kampuni ingeweza kumwita fundi viatu akae uani kwake siku chache za Mei na gundi, sindano na uzi wa nailoni, ashone kila buti litakaloletwa, na ankara aipeleke ofisini. Lakini aje mapema, maana soli iliyobandikwa leo haifai kuingia msituni kesho.