Kobalti katika Sahani ya Lengalenga

Vijana ninaowafundisha mbio hapa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, hula bukari, ndiyo ugali wetu, na lengalenga (mchicha), siku nyingine sombe (kisamvu), na samaki pale fedha inaporuhusu. Msichana mmoja wa mita 1500 alisoma kwenye simu kwamba wanariadha wa Ulaya hula mboga za bio, zisizoguswa na dawa ya wadudu wala mbolea ya kiwandani. Akaniuliza: "Papa, sisi wa bukari tutawafikia lini?" Na kwa kuwa Jumamosi ni mimi pia ninayemfundisha katekisimu, akaongeza swali la pili: je, Mungu anajali tunachokula kabla ya mbio?

La kwanza lilijibiwa zamani na nchi ile nyingine iitwayo Kenya. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wakimbiaji wake hodari ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata kwenye chakula ilitokana na wanga, yaani ugali na wenzake, pamoja na sukari nyingi, nayo chai ya maziwa haikukosekana. Bukari yetu haina sababu ya kuona haya.

La pili limenikaa moyoni.

Nenda sokoni kwetu asubuhi. Mama ameketi mbele ya gunia lililotandazwa, mafungu ya lengalenga yamepangwa, mizizi bado ina udongo mwekundu. Ananyunyiza maji kwa vidole ili majani yasisinyae. Ukimuuliza analimaje, atakwambia hatumii dawa, ni mavi ya kuku na maji tu. Anasema kweli. Kwa kanuni ya kutotumia kemikali, bustani yake haina doa.

Lakini mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru lake likawashwa 1911. Bomba lake la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za madini ndiyo alama ya Lubumbashi hata leo. Kwa miongo mingi upepo ulibeba moshi na vumbi hadi mitaa kama Penga-Penga, na udongo wa huko umehifadhi shaba, risasi, kadimiamu na kobalti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakazi wa eneo letu la Katanga. Matokeo waliyoyachapisha 2009 yalionyesha kwamba waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali. Mboga za bustani za mjini nazo zimepimwa, zikakutwa na madini hayo. Kuosha kunaondoa vumbi lililo juu ya jani. Kile ambacho mzizi umekwisha kukinywa hakioshwi.

Jambo linalonisumbua kama kocha ni hili. Kobalti imetajwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, kwa sababu huuhadaa mwili, ukadhani umepungukiwa na oksijeni, ukaongeza chembe nyekundu za damu. Na sheria ya WADA ni kali: mwanariadha anawajibika kwa kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Sahani ya mboga si chupa ya dawa, na sitaki kijana yeyote aiogope sahani ya mama yake. Ila nifikirie vipi kuhusu madini ambayo kwenye chupa ya mkimbiaji ni kosa lenye adhabu, lakini kwenye sahani ya mtoto wa Penga-Penga hayana mshitakiwa?

Wahubiri wetu hupenda kuwapa wanamichezo mfano wa Danieli, aliyekataa chakula cha mfalme, akala mboga siku kumi, uso wake ukanawiri. Nami naupenda mfano huo. Lakini Danieli aliijua meza aliyoikataa na mwenye meza. Msichana wangu ataikataa meza ya nani? Mboga zenyewe, ambazo kwa Danieli zilikuwa kimbilio, ndizo zilizobeba shida. Akikimbilia duka kubwa la mjini kununua mboga ya bei, ndugu zake wanne nyumbani wataendelea kula ileile.

Kwa hiyo namrudia Yesu katika Marko sura ya 7, anapofundisha kwamba kinachomwingia mtu hakimtii unajisi, kinachomtoka ndicho. Wengine wanasoma hapo ruhusa ya kula chochote. Mimi nasoma mashitaka. Kobalti yenyewe haina najisi: Mungu aliiweka katika ardhi ya Katanga kabla yetu, na imo katikati ya vitamini B12 ambayo damu yetu inaihitaji. Unajisi ulianza na kilichotutoka sisi, tamaa iliyopitia bombani ikawa moshi, ikatiririka mtoni, halafu ikarudi kwa mlango wa nyuma hadi kwenye bakuli la mtoto asiyechimba wala kuuza chochote. Anayekula hajatenda dhambi. Dhambi ilitendwa kabla chakula hakijafika mezani.

Watawa Wabenedikto, waliowaanzishia vijana wa mji huu timu ya mpira 1939, ile inayoitwa leo TP Mazembe, wanaishi kwa Kanuni ya Benedikto. Kanuni hiyo inapima chakula kwa utu: vyakula viwili vilivyopikwa, na cha tatu cha matunda au mboga mbichi vikipatikana, na nyongeza kwa mwenye kazi nzito. Sura inayonigusa zaidi inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe la mama yule wa sokoni nalo liko ndani ya agizo hilo, na mto anaochotea maji vilevile.

Nilimwambia msichana kwamba ndiyo, Mungu anajali, na kwamba swali lake lisiishie tumboni mwake. Aendelee kununua lengalenga, akipata lililolimwa mbali na tanuru, juu ya mkondo, anunue hilo. Na asimtazame mama wa sokoni kama muuza sumu, kwani naye anakula anachouza. Kwa wakubwa wa mji nina ombi moja: maji ya mito inayonywesha bustani yapimwe kila msimu, udongo vilevile, na matokeo yabandikwe kwenye lango la soko kwa Kiswahili, pale pale ambapo watu hupita kuuliza bei ya unga.