Kumlilia Rafiki Mwema, na Faraja ya Ziwa

Wakatekumeni wapenzi, baadhi yenu huuliza darasani: mtu aliyefiwa na rafiki aliyemwonyesha njia njema, akaenda kukaa peke yake ufukoni mpaka moyo upoe, je, atenda vibaya? Wengine husema mwenye imani halii. Wengine waogopa zaidi, wakidhani akaaye kimya mbele ya maji aiomba mizimu.

Kuhusu machozi, jibu ni fupi. Bwana Yezu alimlilia Lazaro, ingawa alijua kwamba punde atamfufua. Tena Mathayo, katika sura ya 14, atuambia kwamba alipopata habari ya kuuawa kwa Yohane Mbatizaji, alipanda chombo akaenda mahali pasipo watu. Alipita ziwani, kama tufanyavyo sisi. Watu wakamfuata, naye akawahurumia, akawaponya wagonjwa wao.

Lakini Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, aeleza kinyume katika kitabu chake cha Maungamo. Alipokuwa kijana alifiwa na rafiki mpenzi, asione raha katika vichaka vizuri, wala nyimbo, wala karamu. Akaukimbia mji wake kwenda Karthago. Nani basi atuongoze? Mimi naona Augustino alitaka miti impe alichopewa na rafiki, nayo haina. Ziwa halitupendi wala halitujui. Mwaka 2024 liliingia nyumba za watu hapa Kalemie bila kubagua mwema na mwovu, na wavuvi wanawajua wenzao waliochukuliwa na tufani.

Faraja yatoka wapi, basi? Fikirini mto Lukuga. Ziwa Tanganyika lapokea mito mingi, lakini mto utokao ni huo mmoja tu. Cameron alipofika mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, waliukuta mlango wake umezibwa na matete. Maji yalizidi kupanda, hata yakapasua njia na kwenda kuelekea Lualaba. Huzuni isiyo na mlango hufanya vivyo hivyo. Nyumbani penye matanga mfiwa hupokea wageni na kujibu pole zao. Ufukoni hadaiwi neno, na machozi yapata pa kutokea. Hiyo si ibada. Mwenye kuabudu mizimu hutoa kitu na kuomba kitu. Huyu ameketi tu.

Liko jambo gumu zaidi. Aliyefiwa na rafiki wa namna hii haogopi upweke tu. Aogopa kwamba bila yeye atarudi alivyokuwa zamani. Padre Stefano Kaoze, padre wa kwanza Mkongo, aliyepewa daraja mwaka 1917, alikufa mwaka 1951 katika mji huu, wakati ule ukiitwa Albertville. Wangapi aliowafundisha walijiuliza siku ile: nani atatusimamia sasa?

Usiku usio na mwezi, tazameni taa za wavuvi wa ndakala. Pengine aliyemfundisha mvuvi kuvuta wavu amekwisha kuzikwa. Mikono yake hata hivyo yavuta kama alivyoonyeshwa, wala hakumbuki tena kwamba alifundishwa.

Nendeni basi ufukoni, lakini msiketi karibu na mlango wa Lukuga baada ya jua kuchwa. Mamba na viboko hawajui nani amefiwa.