Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumbuke

Ndugu msomaji, nina swali, lakini kabla ya kukuuliza naomba nikusimulie aibu yangu. Swali lenyewe ni hili: mtu akikosea huku anaamini kabisa kwamba anachosema ni kweli, ana hatia au hana?

Aibu ilianza na kompyuta. Mwaka 2022 nilikuwa na kompyuta ya mezani chumbani kwangu Sinza. Mchana niliandikia hadithi zangu zisizo na mchapishaji, usiku nilichezea gemu. Prosesa yake ilikuwa i5 ya kizazi cha nne, na kadi yake ya picha ilikuwa imechoka. Wachezaji wa mpira wanakimbia kama wamefungwa mawe miguuni. Nikajinyima miezi minne, nikaenda Kariakoo, nikanunua kadi ya GTX 1060 iliyokwishatumika, shilingi 280,000. Kijana aliyeniuzia alikuwa mdogo kwangu, mpole, kila mteja anamwita "kaka".

Nikaifunga. Picha safi, mpaka nikapiga kelele na jirani akagonga ukuta. Dakika kumi na tano hazijaisha, kioo kikawa giza, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nikarudia, mambo yaleyale. Ajabu ni kwamba nikiandika hadithi haizimi hata kwa saa sita. Nikianza gemu tu, inakufa.

Usidhani nilikurupuka. Nilifuta draiva zote za zamani nikaweka mpya. Nilipima joto la kadi, nyuzi 68, si kitu. Niliacha programu ya kupima memori ikeshe usiku kucha, asubuhi haikuonyesha hitilafu hata moja. Nikafungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, nikakuta tukio namba 41 limejirudia kila mashine ilipokufa. Nikafurahi, nikadhani nimemkamata mchawi. Kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka tena bila kuzimwa inavyopaswa. Ni sawa na kumwuliza maiti amekufa kwa nini, naye akujibu, "Nimekufa."

Mwisho nikafanya jaribio nililoliona la kumaliza ubishi. Nikachomoa kadi mpya, nikarudisha kuukuu. Siku tatu nzima gemu inajikokota, lakini mashine haizimi. Sasa wewe ungetaka ushahidi gani mwingine? Kadi ikiwamo, inazima. Ikitoka, haizimi. Kesi imekwisha.

Nikarudi Kariakoo. Sikwenda kuuliza, nilikwenda kushitaki. Nilianza kufoka kabla sijafika mlangoni: "Dogo, umenipiga changa la macho! Nyinyi ni wezi!" Watu wakajaa. Tajiri wake akatoka ndani. Kijana akaniambia taratibu, "Kaka, naomba niifunge kwenye mashine yetu hapa hapa, tuijaribu mbele yako. Halafu, samahani, pawa saplai yako ni ya wati ngapi?"

Nikamjibu, "Wati 450, na usinifundishe kazi. Nataka hela yangu."

Nikapewa hela yangu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka wakati anaihesabu, na mimi nikaona huo nao ni ushahidi.

Wiki iliyofuata nikanunua kadi nyingine ya aina ileile, duka lingine. Nikaifunga. Dakika kumi, giza.

Hapo ndipo nilipomwita fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye wengi tunamfahamu kwa kutengeneza redio. Hakugusa kadi. Aliinama akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, ile iliyokuja na kasha tangu siku ya kwanza. Juu imeandikwa 450 kwa herufi kubwa. Chini, kwa herufi za kusomea darubini, njia ya volti 12 imeandikwa ampia 16. "Zidisha," akaniambia. Kumi na mbili mara kumi na sita ni wati 192. Nyingine zimejazwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambazo kadi na prosesa za siku hizi hazizitegemei sana. Prosesa yangu ikifanya kazi kwa nguvu hula hadi wati 84. Kadi mpya hula 120. Jumla 204, bado hujahesabu feni na diski. Kadi kuukuu ilikuwa haifikishi wati 50, ndiyo maana nyumba ilikaa kwa amani miaka yote. Na nikiandika hadithi hakuna anayeomba umeme mwingi, kwa hiyo hakuna anayeumbuka.

Akaniazima pawa saplai yake nzuri. Tukacheza gemu saa mbili. Haikuzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naongeza: mara nyingine mgeni huja, mwenyeji akaumbuka. Kadi mpya haikuleta ugonjwa. Iliomba haki yake, ikaonekana mwenye nyumba hana. Na lile jaribio langu la kuichomoa halikuwa uongo, ila nililisoma vibaya. Lilithibitisha kwamba bila mgeni hakuna ugomvi. Halikuthibitisha kwamba mgeni ndiye mkosaji.

Hesabu hii tunaifanya majumbani kila siku. Mkamwana anaolewa, mwaka haujaisha ndugu hawasemezani. Anarudishwa kwao, nyumba inatulia, na mashangazi wanasema, "Si mnaona?" Nani anauliza ndugu wale walikuwa wanafichana nini kabla hajaja? Tunachomoa kadi mpya, tunarudi kwenye gemu la kujikokota, tunajiita wenye hekima.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nilikuwa naamini nimeibiwa. Sikusema uongo. Basi nina hatia?

Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, aliandika insha mwaka 1877 kuhusu mwenye meli aliyekuwa na shaka kwamba chombo chake ni kibovu. Akajibembeleza mpaka shaka ikamtoka, akawaruhusu abiria waondoke, meli ikazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ingawa aliamini kwa moyo wote, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Anasema hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na jibu langu linamkaribia. Kukosea hesabu si dhambi. Hata fundi hukosea. Siku ile dukani, kijana aliniletea kipimo mkononi, bure, cha dakika kumi na tano tu, kipimo ambacho kingeweza kunionyesha kwamba nimekosea. Nikakikataa. Hapo ndipo imani yangu ilipoacha kuwa ya nia njema. Mtu anayetafuta ukweli hakatai kupima. Anayekataa ameshapata anachokitaka, na anachokitaka si ukweli. Tena nilimwita mwizi mbele ya umati. Wewe unaijua miji yetu. Neno hilo limeshawaua watu kwa mawe na matairi kabla hakuna aliyeuliza swali.

Nilirudi tena Kariakoo. Kijana hakuwepo. Tajiri akaniambia alimkata hela ile kwenye mshahara, naye akaondoka, namba yake haipatikani. Na kadi? Akacheka. "Ile tuliiuza siku ileile, bwana. Mteja aliijaribu hapa hapa, ikapiga kazi."

Nikasimama palepale nilipofokea, nikasema kwa sauti kwamba yule kijana hakuwa mwizi, mimi ndiye niliyekosea. Muuza maji akaniangalia, akaendelea na njia yake. Siku ya kumtukana nilikusanya watu wapatao ishirini. Siku ya kumsafisha sikumpata hata mmoja wa kunisikiliza.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Dogo, kama gazeti hili litakufikia popote ulipo: shilingi 280,000 zako ninazo.