Kiti cha Mwisho

Somo: Luka 13:1-5, Mathayo 25:31-46



Kuna ushuhuda mmoja tunaousikia sana Jumapili, na pengine wewe pia umewahi kuutoa. Mtu amechelewa kutoka nyumbani, anafika steji ya Karatina, anakuta matatu ya Nyeri imebaki na kiti kimoja tu. Anaingia, mlango unafungwa, anafika kazini kwa wakati. "Nikajua hiki ni kibali cha Bwana." Kanisa lote tunasema amina.

Mimi pia nasema amina. Afadhali mtu anayemwona Mungu kwenye matatu kuliko yule anayemngoja mpaka kesha la mwisho wa mwezi. Sehemu kubwa ya maisha yetu si kesha wala krusedi. Ni kuchuma chai, kufungua duka, kupanga foleni hospitali, kufua sare za watoto Jumamosi. Kama Mungu hayuko hapo, basi tuko naye saa chache tu kwa wiki.

Lakini wacha niulize. Tuseme nyuma ya huyo ndugu pale steji kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, naye anawahi kliniki. Kiti kimechukuliwa, yeye amebaki kwenye baridi. Atatoa ushuhuda gani? Kwamba Bwana amemfungia mlango?

Kabla ya kuingia kwenye huduma nilisomea biashara. Katika uhasibu tulifundishwa mapema kwamba kila shilingi inaandikwa mara mbili. Mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, aliieleza njia hiyo katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494, na mpaka leo maduka na benki zinaifuata. Kitu kikiingia upande huu, lazima uonyeshe upande wa pili kimetoka wapi. Ukiandika upande mmoja pekee, hesabu haitafunga, hata kama kila tarakimu uliyoandika ni ya kweli. Shuhuda zetu nyingi ni za kweli. Shida ni kwamba zimeandikwa upande mmoja.

Angalia mvua. Siku ya harusi mjini tunaomba isinyeshe, na isiponyesha tunasema Bwana amejibu. Siku hiyo hiyo mkulima wa Kieni, ambako mvua ni ya shida, anatazama viazi vyake vikinyauka, na yeye alipiga magoti alfajiri. Tukisema jua la leo ni alama kwamba Mungu anatupenda, tumesema nini juu yake? Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea wema na wabaya pamoja (Mathayo 5:45).

Hili si jambo dogo, wapendwa. Mtu aliyezoea kusoma kibali kwenye kiti cha matatu, siku ya msiba atasoma laana. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliwaka kwenye bweni la shule ya Hillside Endarasha, hapa kwetu Kieni, na wavulana 21 wakafariki. Mzazi ambaye mtoto wake alitoka salama ana haki ya kulia kwa shukrani. Lakini tuseme anasimama kanisani na kusema mwanawe alipona kwa sababu nyumba yao ni nyumba ya maombi. Yule mzazi mwingine aliyeketi kwenye benchi la nyuma anabaki na nini? Si yeye pia aliomba?

Yesu mwenyewe alikataa hesabu ya namna hiyo. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu 18, aliuliza kama hao walikuwa na makosa kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba la. Hakuwaacha wasome dhambi ya wengine kwenye ule mnara. Aliwageuzia swali: na nyinyi je, mtatubu?

Sasa, tunamwonaje Mungu katika mambo ya kila siku? Soma Mathayo 25 polepole. Wale wa mkono wa kuume walilisha, wakanywesha, wakatembelea wafungwa. Kinachonishangaza ni kwamba hawakujua. Wanamuuliza Bwana walimwona lini. Hawakuwa wakitafuta ishara yoyote. Waliona mtu ana kiu, wakampa maji. Hata wale wawili wa Emau walitembea na Bwana barabarani bila kumtambua. Walimtambua jioni, baada ya kumsihi yule mgeni alale kwao, alipomega mkate mezani.

Basi jambo la kila siku si barua ya siri ya kuniambia ninapendwa kiasi gani. Hilo lilishasemwa msalabani, na halipandi wala kushuka kwa sababu ya kiti. Jambo la kila siku ni mahali ambapo Mungu ananiletea mtu. Upande wa kwanza wa kitabu unaandikwa: nimepokea, asante Bwana. Upande wa pili: nimepokea kwa ajili ya nani?

Najua mtu ataniuliza, "Kwa hivyo pasta, nisishukuru kwa kiti?" Shukuru! Shukrani inasema nimepewa. Majivuno yanasema nimependelewa. Anayeshukuru hugeuka kuangalia ni nani yuko nyuma yake. Pengine atashuka ampishe yule mama. Pengine safari yake pia haingoji, na atabaki amekaa, Mungu anajua. Lakini atakuwa amemwona.

Na wewe uliyebaki steji mwaka huu, kazi haijapatikana, mtoto hajapona, wenzako wanashuhudia kila Jumapili: Bwana hakupanda ile matatu akakuacha.

Wiki hii, kabla ya kutoa ushuhuda kwenye ushirika wa nyumbani, upime kwa swali moja: naweza kuusema nikiwa nimeketi kando ya mtu aliyeomba kama mimi na hakupata? Ukiweza, utoe, tutasema amina kwa sauti. Ukiona huwezi, mshukuru Bwana kimya kimya, kisha uende ukamtembelee huyo mtu. Usiende mikono mitupu.