Na Mgonjwa Je?

Marehemu bibi yangu hakuliita lile jengo la Mizingani jina lolote ila "dispensari." Tulipopita kwenda bandarini alikuwa akinionyesha mlango aliokuwa akiingilia na mtoto mwenye homa. Nilipomwambia kuwa limetengenezwa na wageni watakuja kulitazama, aliniuliza, "Na mgonjwa je?"

Sikumjibu, na tangu hapo swali limenikaa.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki 1891, jengo likakamilika 1894. Aliyelinunua baadaye akaweka zahanati chini, na juu pakawa nyumba za kupanga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likachakaa, mpaka miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulipolifufua.

Wapo wasemao kuwa fedha zile zingenunua dawa. Siwezi kuwacheka, maana bibi yangu alikuwa mmoja wao. Lakini nyumba ya mawe na chokaa ikishaanza kunyonya maji haimsubiri mtu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, hali iko kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Tangu siku ile sithubutu kusema kwamba kuziba paa la zamani ni anasa.

Tena kuna elimu ndani yake. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta ukaoza huku uso wake unang'aa. Kijana aliyejifunza kuchanganya chokaa na kuchonga mbao za roshani amerithi kitu ambacho mtalii hawezi kukipiga picha.

Hata hivyo deni naliona. Mahali palipokuwa pa mwenye homa hapageuki pa mwenye kamera hivi hivi tu. Sidai vitanda virudishwe. Nadai mtu wa Malindi aingie pale bila ya kujiona mgeni, na aelezwe kuwa mama yake alitibiwa humo, si habari za matajiri na malkia peke yake.

Mara ya mwisho nilipoingia nilipanda mpaka roshani ya juu, nikaitazama bahari na majahazi. Ndipo nikakumbuka kuwa bibi hakuwahi kufika pale. Wagonjwa waliishia chini.