Ijumaa Kuu na Deni la Debe Moja

Makuyuni yetu ya Korogwe, si ile ya Monduli, ina jina la mti, mkuyu. Kila ifikapo Ijumaa Kuu, mikuyu hiyo hunikumbusha Zakayo, mkuu wa watoza ushuru aliyeparamia mkuyu kule Yeriko ili amwone Yesu akipita. Wengi tunakumbuka ufupi wake tu. Tunasahau kwamba Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, alikosulubiwa, na kwamba Zakayo aliposhuka aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Siku yenyewe tunaijua. Wakatoliki hawaadhimishi Misa; altare huachwa tupu, kengele hunyamaza, na katika ibada ya saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Bwana, watu hupanga foleni kubusu msalaba. Jirani zetu Waislamu nao wametoka swala ya Ijumaa muda si mrefu. Nyumbani hakuna nyama. Jioni tunalala tukijiona tumefunga vyema.

Mimi funga hiyo hainitoshi, na sababu ni shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Nikiwa kijana nilifuatana na mjomba kununua mahindi vijijini Handeni, na kazi yangu ilikuwa kushona lumbesa. Gunia la madebe sita tulilishindilia saba, nikalifunga kilemba kwa kamba ya katani, mkulima akalipwa gunia moja. Mama mmoja alilitazama gunia lake lilivyovimba, akanitazama na mimi, akasema, "Haya mwanangu, ni gunia." Alikuwa na shida ya hela siku ileile, nasi tulilijua hilo.

Tangu hapo nimebusu msalaba mara nyingi. Debe la yule mama sijalirudisha.

Wala si mimi peke yangu. Kuna mshahara wa dada wa kazi unaopigwa tarehe, kuna jina lililokaa miaka kwenye daftari la mwenye duka, kuna mpaka wa shamba uliosogea usiku. Kila mtu ana lumbesa yake.

Kwa hesabu ya Zakayo, debe moja ni madebe manne. Jina la mama yule silijui, ila kijiji nakikumbuka. Mahindi nitayapeleka, nisipomkuta yeye, nitawakuta wajukuu. Nawe ndugu msomaji, kabla hujapanga foleni ya msalaba, pitia kwanza kwa anayekudai.